Kisuluhishi cha Mama Tumpe

Asubuhi hiyo Tumpe aligonga kikombe mezani, akamwambia mama yake neno ambalo zamani lingemletea kofi. Neno halikufika. Kisuluhishi, kidude kidogo kama punje ya mahindi kilichopachikwa nyuma ya sikio la Mhandisi Tusekile, kililidaka njiani, kikalisafisha, kikamfikishia kwa sauti ileile ya binti yake: "Chai tamu, mama." Kisha kikamnong'oneza jibu. Tusekile akalitamka bila kuinua uso, akaendelea kusoma ripoti zake.

Yeye ndiye aliyekibuni. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: chochote kitakachoupeleka mbio moyo wa mvaaji, kisafishwe kwanza. Kipimo kila mtu alijipangia mwenyewe. Wapo walioacha ugomvi kidogo upenye. Tusekile alikuwa na kazi nyingi na hakutaka kelele, akakipandisha chake hadi mwisho. Mbeya nzima ilikivaa, na kwa miaka sita Mbeya nzima ilikuwa ikishukuriana tu, mpaka inachosha.

Ila wakuu wa mji hawakuwa wajinga kabisa. Walitunga sheria kwamba kila mwaka kila familia ikae kambini siku mbili bila mashine yoyote, akili zipumue. Kazi ilikuwa imemwokoa Tusekile na kambi miaka yote. Mwaka huu visingizio viliisha. Jumamosi yeye, mumewe Ambakisye na Tumpe, binti yao wa pekee wa miaka kumi na saba, walisimama kwenye lango la msitu chini ya mlima Rungwe, wakavua visuluhishi na kuviweka kwenye trei ya roboti mlinzi.

Hazikupita dakika kumi.

"Shika huo mti sawasawa," Ambakisye alisema, hema likimwangukia begani. "Mashine unaunda, hema linakushinda."

Tusekile alishtuka. Miaka sita hajaambiwa hivyo.

"Baba Tumpe, unaongea na mimi?"

"Na nani tena? Naongea hivi kila siku. Wewe ndiye husikii."

Akasubiri mnong'ono. Haukuja. Basi akatoa alichokuwa nacho, na kilikuwa kichafu: akamwita mvivu, mwanamume wa kulishwa, na mama mkwe wake naye hakusalimika. Ambakisye alitupa nyundo chini, akaenda zake kutafuta kuni. Tusekile alibaki na hasira yake, na hakuwa na kitu cha kuishusha.

Tumpe alikuwa amekalia begi lake, anatazama.

"Afadhali leo unasikia," alisema. "Basi nikuage. Jumatatu naondoka."

"Kwenda wapi?"

"Mwezini, machimboni. Miaka tisa."

"Huna adabu wewe. Nani kakuruhusu?"

"Wewe." Tumpe hakupandisha sauti. "Nilikuambia mwezi wa tatu, jikoni. Ukasema, 'Vizuri mwanangu, nakutakia kila la heri.' Kesho yake nikakuambia tena, nalia. Ukasema vilevile. Mara ya tatu nikakurekodi, nikawapelekea watu wa machimbo. Baba alikataa, tukagombana wiki nzima mbele yako, lakini wao wanataka sauti ya mzazi mmoja tu."

Tusekile alipeleka kidole nyuma ya sikio, hakukuta kitu.

"Sikutaka kwenda, mama. Nilitaka unikatalie. Ungenitukana hata mara moja ningejua humo ndani kuna mtu."

Hapo ndipo palikuwa pa kuomba msamaha. Hakuweza, alikuwa amesahau hata unaanzia wapi.

"Huendi," alifoka. "Nitakuvunja hiyo miguu."

Kwa kitambo kidogo midomo ya Tumpe ilicheza, kama anayetaka kucheka au kulia. Kisha akainuka.

"Umechelewa," alisema. "Mkataba ukishapokelewa haufutwi."

Siku mbili hizo walikula wali ulioungua, kila mtu na sahani yake, kila mtu kageukia kwake. Usiku Tusekile alitafuta maneno, akapata mawili matatu, na kulipokucha akaona haya kuyasema.

Jumapili mchana roboti aliwasogezea trei langoni. Ambakisye alikitia chake mfukoni. Tusekile alikisukuma chake kikaanguka kwenye changarawe. Tumpe alichukua chake, akakipachika nyuma ya sikio, na kwa ukucha akaanza kupandisha kipimo.

"Usikivae, Tumpe," mama yake alisema. "Nakuomba."

Ukucha uliendelea kuzunguka mpaka ukagota mwisho.

"Nimekukosea, mwanangu. Nilikaa meza moja na wewe miaka sita, nikakuacha peke yako." Tusekile alikuwa amepiga magoti, machozi na makamasi pamoja, haoni aibu tena. "Usiende. Wakiniuliza nitawaambia ile haikuwa sauti yangu. Usiniache, nitakufa."

Tumpe alikuwa ameinama anafunga zipu ya begi.

"Asante, mama," alisema kwa upole, bila kuinua uso. "Na wewe ubaki salama."