Mlio wa Pikapu Iliyosimama

Jasper Anyona alikuwa na pikapu kuukuu ya buluu. Mara tatu kwa wiki aliitoa nyumbani kwake karibu na Magwagwa, akaijaza ndizi, akashuka nazo hadi soko la Nyakoe. Mkewe, Drusilla, alikaa kando yake. Drusilla ndiye aliyezunguka mashambani kununua mikungu, na ndiye aliyeiuza sokoni. Jasper aliendesha. Waligawana kazi hivyo kwa miaka minane, na kazi hiyo ndiyo iliyowalisha na kuwasomesha watoto wao wawili.

Jumatatu moja asubuhi walisimama barabarani kungoja ng'ombe wavuke. Injini ilikuwa inanguruma polepole. Drusilla akainamisha kichwa.

"Baba Kerubo, hiyo kelele ni ya nini?"

"Kelele gani?"

"Hiyo. Ni kama mtu anatafuna changarawe."

"Ni barabara mbaya," Jasper akasema.

"Lakini tumesimama."

Jasper alikuwa ameusikia mlio huo tangu wiki iliyopita. Alinyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio. Ng'ombe walipokwisha kuvuka, akaondoa gari.

Siku ya Jumatano mlio ulikuwa umezidi. Walipofika Nyakoe, Jasper alimwita fundi mmoja aliyekuwa akipita sokoni. Yule fundi alisimama mbele ya pikapu huku mikono imo mifukoni. Alisikiliza kwa muda mfupi, kisha akatingisha kichwa.

"Klachi imekwisha," akasema. "Nunua klachi mpya yote, nitakufungia."

Jasper akakubali. Drusilla alingoja mpaka fundi akaenda zake.

"Amejuaje?" akauliza. "Hata hajaingia ndani ya gari. Hata hajakuuliza swali moja."

"Yeye ni fundi, Mama Kerubo. Wewe ni mtu wa ndizi."

Maneno hayo yalimchoma Drusilla, lakini aligeukia wateja wake.

Alasiri hiyo walirudi na mifuko ya mbolea nyuma. Kwenye mlima, mahali ambapo barabara inakunja kona, Jasper alitaka kurudisha gia ndogo. Gia ikakataa kuingia. Akasukuma tena. Kitu kikakwaruza kwa nguvu chini ya miguu yao. Pikapu ikapunguza mwendo, ikasimama, kisha ikaanza kurudi nyuma. Lori la majani chai lililokuwa nyuma yao likapiga honi. Jasper alikanyaga breki kwa mguu wake wote. Pikapu ilisimama hatua tatu tu kutoka kwenye lori.

Hakuna aliyeumia. Dereva wa lori alishuka, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akamsaidia Jasper mpaka gia ikaingia. Drusilla aliteremka. Sehemu iliyobaki ya mlima aliipanda kwa miguu.

Walipofika nyumbani aliweka sufuria ya chai mekoni, kisha akasema bila kupandisha sauti, "Mimi sitapanda gari hiyo tena. Si mpaka mtu anieleze ina nini."

"Nimekwambia ni klachi."

"Umeambiwa. Wewe mwenyewe hujui. Na mimi sijui. Tukifa kwa kitu ambacho hatukijui, Kerubo na ndugu yake watalelewa na nani?"

Jasper alikunywa chai yake akitazama nje. Kwa miaka minane hakuna aliyekataa kupanda gari lake.

Palikuwa na mtu mmoja ambaye angeweza kumwuliza, lakini Jasper hakutaka. Mtu huyo alikuwa Maureen Nyasani. Maureen alitengeneza malori ya chai kwa miaka kumi na mitano kabla ya kufungua gereji yake ndogo pale Magwagwa. Walisali kanisa moja la Wasabato. Zamani, Maureen alipoanza kazi, Jasper alimwona amelala chini ya lori, akacheka mbele ya watu. Alisema lori halipikwi kama ugali. Maureen alikuwa amesikia.

Ijumaa jioni Jasper alimwendea. Maureen alikuwa akifuta spana zake na kuzipanga sandukuni.

"Dada Maureen, gari yangu inanisumbua."

"Imenisumbua na mimi. Nimeisikia ikipita hapa wiki nzima," Maureen akasema. Hakutabasamu, wala hakuonyesha hasira. "Inalia ukienda tu, ama hata ukisimama?"

"Hata nikisimama."

"Hiyo ni habari nzuri. Gari ikilia imesimama ni rahisi kuipima. Lakini jua linatua, Sabato inaingia. Jumapili asubuhi tukutane kwenye kituo cha kununulia majani chai. Pale ni tambarare. Usiiendeshe kabla ya hapo. Na uje na Mama Kerubo."

"Yeye wa nini?"

"Si yeye ndiye aliyesikia kwanza?"

Jumapili kituo kilikuwa kitupu. Jasper aliiteremsha pikapu taratibu, bila mzigo. Maureen aliweka jiwe mbele na nyuma ya kila gurudumu la nyuma. Alimwambia Jasper avute breki ya mkono mpaka mwisho. Drusilla alikuwa amejifunga leso. Maureen akamwomba aivue, kwa sababu nguo inayoning'inia inaweza kunaswa na feni ya injini.

"Tunapima hapa nje," Maureen akasema. "Msiwashe gari ndani ya chumba kilichofungwa, moshi wake unaua. Na mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma ya gari. Jasper, kaa kwenye usukani. Weka gia huru, isiwe imeshika popote. Washa. Ondoa mguu kwenye klachi kabisa."

Injini ikawaka. Mlio ukaja, mkavu, kama changarawe kinywani.

"Mama Kerubo, simama hapa kando ya mlango. Unausikia?"

"Nausikia."

"Jasper, sasa kanyaga klachi mpaka chini. Polepole. Usiiachie."

Jasper akakanyaga. Mlio ukafifia, ukapotea. Injini ikabaki ikinguruma peke yake.

"Umeisha!" Drusilla akasema.

"Achia."

Mlio ukarudi. Walirudia mara nne. Kila mara ilikuwa vilevile. Kisha Maureen akamwambia Jasper azime gari na ashuke.

"Mnajua kinu cha posho, kile cha kusaga unga," Maureen akasema. "Kuna mota, kuna kinu, na katikati kuna mkanda. Ukitoa mkanda, mota inazunguka lakini kinu kinalala. Kama kelele inaisha ukitoa mkanda, utaitafuta wapi?"

"Kwenye kinu," Drusilla akajibu.

"Sawa. Kwa gari, mota ni injini. Kinu ni giaboksi. Klachi inafanya kazi ya mkanda. Ukiondoa mguu kwenye klachi, injini inazungusha vyuma vya mbele ndani ya giaboksi, hata kama gari imesimama. Ukikanyaga, unaitenga injini na giaboksi, vile vyuma vinatulia. Mlio wenu unaisha ukikanyaga. Basi uko ndani ya giaboksi."

"Kwa hivyo si klachi?" Jasper akauliza.

"Ingekuwa ni beringi ya klachi, ile ringi ya chuma inayoisukuma klachi unapokanyaga, mambo yangekuwa kinyume. Ungekanyaga, mlio ungeanza. Ungeachia, ungenyamaza. Na kama mlio ungebaki vilevile, ukanyage usikanyage, ningeanza kutafuta kwenye injini."

Jasper alifikiria klachi mpya ambayo nusura aifunge, na mlio uleule ukimngoja baada ya kazi yote.

Walisubiri injini ipoe. Maureen akatandika gunia chini, akalala ubavuni mwa gari, akamulika kwa tochi. Hakupandisha gari kwa jeki. "Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake," akasema kutoka kule chini. "Jeki huteleza." Kisha akamwita Jasper ainame aone. Chini ya giaboksi palikuwa na unyevu mweusi uliogandamana na vumbi. Maureen alifungua kifuniko kidogo ubavuni mwa giaboksi, akaingiza kidole. Kwa kawaida kidole kingegusa oili mara moja. Kilitoka kikavu.

"Uliangalia oili ya giaboksi lini?"

"Mimi huangalia ya injini kila asubuhi."

"Nimeuliza ya giaboksi."

Jasper alitazama viatu vyake. "Sijawahi," akasema. "Sikujua ina yake."

Ilimgharimu kuyasema maneno hayo mbele ya mkewe. Drusilla hakumcheka. Alikuja akasimama karibu naye.

"Wengi hawajui," Maureen akasema. "Sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, imechakaa, oili imevuja kidogo kidogo. Vyuma vinasagana vikavu. Ndiyo maana gia ilikataa kule mlimani. Siku moja giaboksi ingekwama mkiwa mwendoni, magurudumu yangegoma kuzunguka."

Maureen aliongeza oili ya giaboksi. Wakawasha tena. Mlio ulipungua, lakini haukuisha. Drusilla alimtazama Maureen.

"Bado kuna kitu."

"Una sikio zuri. Oili haiponyi chuma kilichokwisha kuumia. Beringi ya mbele imeanza kulika. Tukiibadilisha sasa, giaboksi itapona. Tukingoja, itakula na meno ya gia, na hapo mtatafuta giaboksi nzima."

"Dada Maureen," Jasper akasema, "nilikucheka siku ile ya lori. Lilikuwa jambo la kipumbavu."

"Lilikuwa," Maureen akajibu. "Haya, tulete gari gereji. Polepole."

Kazi ilichukua siku mbili. Maureen alishusha giaboksi, akatoa beringi iliyokuwa na vishimo, akafunga mpya pamoja na sili mpya. Meno ya gia yalikuwa mazima. Jasper alikaa hapo muda wote akishika taa na kuuliza maswali. Jumatano asubuhi walisimamisha pikapu na kuipima tena, mguu juu, mguu chini. Injini ilinguruma peke yake. Drusilla alifungua mlango, akapanda, akaweka kikapu chake miguuni.

Mwezi uliofuata, pale Nyakoe, dereva mmoja aitwaye Mokua aliegesha gari la shule karibu na Jasper. Ndani mlikuwa na watoto kumi na wawili. Kila alipokanyaga klachi, kitu kililia kama panzi.

Jasper alimwendea. "Mokua, shusha watoto kwanza. Weka gia huru, vuta breki ya mkono. Sasa kanyaga."

Mlio ukaanza.

"Achia."

Ukanyamaza. Jasper aliwasogeza watoto mbali, akamwambia Mokua arudie mara ya pili na ya tatu, mpaka alipokuwa na hakika.

"Hii si giaboksi," akasema. "Ni beringi ya klachi. Lakini mimi si fundi. Nenda Magwagwa kwa Maureen Nyasani, mwambie umepima umesimama na mlio unakuja ukikanyaga. Watoto watafutie gari lingine leo."

Madereva wengine walikuwa wamesogea kusikiliza. Mokua akamtazama Jasper kwa mshangao.

"Haya yote ulijifunzia chuo gani?"

Jasper alimwonyesha mkewe, aliyekuwa akibishana na mteja juu ya mkungu wa ndizi.

"Yule mama alikataa kupanda gari yangu," akasema. "Chuo kilianzia hapo."