Mzizi Tuliouokota Luzira

Jioni ile kazi yangu ilikuwa moja tu: kujua kwa nini samaki wangu wanakufa.

Tangi liko chumbani kwetu Bukoto, miguuni pa kitanda cha Nabilah, mwenzangu wa chumba. Siku tatu mimea ilikuwa inayeyuka kama sabuni. Samaki wamepanda juu, midomo wazi, wanagombania hewa. Nilipima maji mara mbili: hayana sumu. Na Nabilah, tangu siku hiyohiyo ya kwanza, anakohoa tu.

"Ni ule mzizi," alinong'ona kutoka kitandani. "Nilikwambia."

Aliniambia, kweli. Tuliukuta ufukweni mwa ziwa, Luzira, mweusi, mzuri, umefungwa kitambaa cha gome la mti. Nabilah ni Mnubi, akanivuta mkono. "Adero, wacha. Haboba yangu, bibi yangu yule, anasema ukikuta kitu kimefungwa ziwani, aliyefunga alikuwa na sababu."

"Ushahidi uko wapi, mama?" nikamjibu. "Haboba yako alipima nini? Woga si hoja!"

Nikamshinda, kama ninavyowashinda wote chuoni. Tena nikamfanya afungue fundo kwa mkono wake mwenyewe. Nyumbani nikauchemsha mzizi utoe rangi, ndivyo wafuga samaki tunavyofanya, kisha nikautia tangini. Kile kitambaa nikakitumia kuwashia sigiri ya makaa.

Giza likaanza kuingia. Mimi sitafuti mchawi, natafuta kifaa kibovu. Unachomoa kimoja, unatazama. Nikachomoa hita. Hakuna kitu. Nikachomoa chujio. Likanyamaza. Nikachomoa pampu ya hewa.

Blup... blup...

Mapovu yakaendelea kupanda.

Nikaufuata waya kwa vidole. Plagi ilikuwa mkononi mwangu. Chumba kikajaa harufu ya tope la ziwa. Mapovu yalitoka chini ya mzizi, yakasimama... yakatoka tena. Nilipotia mkono, maji yalikuwa vuguvugu, kama ndani ya kinywa cha mtu.

"Upuuzi!" nikasema kwa sauti, nikaushika mzizi, nikauinua nje.

Mapovu yakakoma.

Kikohozi kikakoma.

"Nabilah?"

Macho wazi. Mdomo wazi, anagombania hewa isiyoingia. Midomo ikawa ya buluu. Nikaurudisha mzizi kwa mikono yote miwili, maji yakamwagika sakafuni.

Blup.

Akavuta pumzi.

Tangu hapo samaki wote wamekwisha kufa. Nabilah anakula, anacheka, anakwenda darasani. Eti niurudishe Luzira? Lazima utoke majini kwanza, na sina mtu mwingine wa kujaribia. Niufunge upya? Kitambaa ni majivu. Nyinyi mnaosema nilichanganyikiwa, leteni hoja. Mimi zimeniishia.

Kila asubuhi maji yamepungua kidole kimoja, ingawa kifuniko kimebana. Kila asubuhi najaza.

Leo ni siku ya tatu mifereji ya bomba Bukoto imekauka. Jerikeni letu la mwisho nililimimina jana. Mzizi umeanza kutoa kichwa nje ya maji.

Nyuma yangu, Nabilah anakohoa.