Maji Yana Kwao

Tangu tufani ipite, Sindano alianza kila siku kwa koleo. Walimwita hivyo kwa wembamba wake, na pia kwa sababu mama yake alikuwa mshonaji. Kabla ya kuvaa sare za shule alikokota matope kutoka chumbani hadi mlangoni, naye mama akayapakia kwenye toroli. Cherehani ilikaa juu ya meza, gurudumu limeliwa na kutu ya maji ya chumvi.

"Leo tena, mama?"

"Leo tena, mwanangu. Matope hayana likizo."

Matope na taka zote za mtaa zilimwagwa kinamasini. Zamani kinamasi kilienea pwani yote. Ilipojengwa hoteli mpya, mikoko ilikatwa na kifusi kikamwagwa juu yake. Kilichosalia ni kipande kimoja, mbele ya nyumba ya shangazi yake Sindano, na sasa majirani walitaka kukifukia hicho pia.

"Ni kiwanda cha mbu tu kile," alisema jirani yao, muuza mkaa.

Asubuhi hiyo Sindano alisukuma toroli mpaka huko, mikono ikimuuma. Shangazi alikuwa akianika nguo. Ukuta wake ulikuwa mkavu, ingawa nyumba yake ilikuwa bondeni zaidi kuliko yao.

"Shangazi, kwako maji hayakuingia?"

"Yalipiga hodi kizingitini, yakaondoka. Nguvu zote yaliziacha mle." Alionyesha mikoko. Magogo na mabati yalikuwa yamenasa kwenye mizizi. "Kwenu yalipitia hotelini. Nani angeyazuia?"

Sindano alitazama mikoko, akatazama toroli. Kisha akaligeuza.

"Mbona umerudi na mzigo?" mama aliuliza. Alipoelezwa, aliketi kwa uzito kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Nimechoka, mwanangu. Tuyapeleke wapi? Barabara kuu ni mbali."

"Najua, mama. Lakini tukifukia pale, tufani ijayo shangazi naye atashika koleo."

 Mama alijifunga kanga kiunoni, akashika toroli mwenyewe.

Kwenye bomba la maji, muuza mkaa alicheka. "Sindano sasa anataka kushona bahari!"

"Jirani, njoo uuone ukuta kwanza, ndipo ucheke," mama alimjibu.

Alikwenda, na wengine wakamfuata. Waligusa ukuta mkavu, wakatazamana. Hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo, taka zilipelekwa barabara kuu, zikachukuliwa na lori. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, na wengine walinung'unika kila hatua. Hata hivyo, matope ya mwisho yalipoondoka, muuza mkaa ndiye aliyeleta miche ya kwanza ya mikoko, wakaipanda ukingoni.

"Itatukinga lini, mama?" Sindano aliuliza, amechafuka mpaka magotini.

"Labda wewe ukiwa mama. Hoteli hatuwezi kuihamisha, lakini kilichobaki tutakilinda." Mama alijinyoosha mgongo taratibu. "Shika neno hili, mwanangu: maji yana kwao. Ukiyafukuza kwao, yatahamia kwako."