Tanuri Lililozimwa kwa Hofu ya Jiwe la Angani

Jumanne alasiri mfyatuaji mmoja wa matofali alizima tanuri lake mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na matofali elfu nane. Yalikuwa yameungua siku moja na nusu, nayo yalitaka siku tatu. Alivuta magogo nje kwa ndoano ya chuma, akayamwagia maji. Kisha akakaa chini.

Alifanya hivyo kwa sababu alisikia kwamba jiwe kubwa linakuja kutoka angani.

Mtu huyu hakuwa mjinga. Alikuwa amefyatua matofali miaka kumi na tisa. Aliishi na mkewe, mama yake na watoto wawili katika chumba kimoja cha kupanga, hatua thelathini kutoka kwenye tanuri. Mwenye nyumba alikitaka chumba chake kabla ya mvua. Kwa hiyo safari hii matofali hayakuwa ya mteja. Yalikuwa ya nyumba yao wenyewe, ya vyumba vitatu. Kuni zilitoka kwenye mikaratusi mitatu aliyoipanda marehemu baba yake. Walikata yote mitatu. Kuni nyingine hawakuwa nazo.

Moto uliwashwa Jumatatu alfajiri. Mume na mke walipokezana zamu. Mmoja alilisha magogo kwenye midomo ya tanuri, mwingine alilala. Moto wa tanuri haupumzishwi. Ukiupumzisha, matofali ya juu hayaivi.

Jumanne asubuhi alifika shemeji yake, kaka wa mkewe. Shemeji alikuwa kinyozi, na kila uvumi wa mtaa ulipitia kwenye kiti chake kabla ya kwenda kwingine. Alikuwa na simu mkononi. Ndani ya simu sauti ya mwanamume ilisema kwamba Alhamisi, saa sita mchana, jiwe refu kama uwanja wa mpira litaigonga dunia. Vipande vidogo vitatangulia. Ni vyeusi. Vina sumu, visiguswe. Watu wakae chini ya ardhi. Sauti ilimaliza kwa kusema, mtumie na mwenzako.

Mfyatuaji aliuliza sauti ile ni ya nani. Kinyozi akasema ni ya mtaalamu. Mtaalamu wa wapi, hakujua. Alikuwa ametumiwa na mteja, naye mteja alitumiwa na mkwewe.

"Shemeji, wewe ulinyoa nusu kichwa cha mtu ukaenda kutazama ajali," mfyatuaji alimwambia. "Leo unataka niache tanuri nusu?"

Wakacheka. Lakini kicheko hicho hakikufika tumboni. Tangu hapo, kila alipotupa gogo, mfyatuaji alitazama juu.

Saa tisa alasiri walisikia mlio mkali. Kitu kilipasua bati la chumba chao, kikaanguka sakafuni. Mke alikimbia ndani, akamkuta bibi, yaani mama mkwe wake, amejibanza ukutani. Katikati ya chumba kulikuwa na jiwe jeusi, kubwa kama ngumi, linafuka moshi.

Hakuna aliyeligusa. Mfyatuaji alilifunika kwa ndoo, akaweka tofali juu ya ndoo.

Mke alitaka wasubiri. Alisema jirani yao, Mama Vigingi, angerudi karibuni, wamuulize yeye. Huyu alikuwa mpima ardhi, na watu walimwita hivyo kwa sababu ya vigingi anavyopigilia kwenye mipaka. Lakini alikuwa kazini mbali, na simu yake haikupatikana. Mfyatuaji hakutaka kusubiri. Alisema ardhi ikitikisika, tanuri lenye moto litawaporomokea. Alisema kipande kimeshafika, nao wanangoja nini tena?

"Tofali haliulizi habari," mke alisema. "Linataka moto."

Akamjibu kwamba tofali halina mama wala watoto. Akachukua ndoano.

Jumatano walihamia kwenye shimo walilokuwa wakichimba udongo. Lilikwenda chini kuliko kimo cha mtu. Walishusha magodoro, maji na unga. Watoto hawakwenda shule. Kinyozi alifunga kibanda chake, akashuka nao. Shimoni kulikuwa na unyevu, na mtoto mdogo akaanza kukohoa. Kila ndege alipopita juu, wote waliinamisha vichwa.

Alhamisi saa nne asubuhi kivuli kilisimama ukingoni. Alikuwa Mama Vigingi, begi la kazi begani, viatu vimejaa vumbi. Alitazama chini. Alimwona bibi ameketi juu ya godoro, amevaa sufuria kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shuka haraka, mwanangu, usije ukafa na adabu zako."

Mama Vigingi hakucheka. Alishuka, akakaa kwenye udongo kati yao, akaomba kusikia ile sauti ya kwenye simu. Aliisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo hawakulitegemea.

"Jiwe lipo. Hilo si uongo."

Mke alimvuta mtoto karibu yake.

Mama Vigingi aliwaeleza polepole. Mawe ya namna ile huitwa asteroidi. Yapo mengi mno. Mengi huzunguka jua katikati ya sayari mbili, Mirihi na Mshtarii. Ni masalia. Sayari zilipojengwa zamani sana, si kila kitu kilitumika. Alimuuliza mfyatuaji, nyumba ikiisha kujengwa, kiwanjani hubaki nini? Mfyatuaji akasema, vipande. Basi ndiyo hayo, akasema. Mengi yanakwenda njia zao na hayatujui. Machache njia zao hupita karibu na ya dunia, na hayo ndiyo yanayotazamwa usiku kucha na watu wenye darubini kubwa katika nchi nyingi.

"Sasa hili linatugonga au halitugongi?" kinyozi aliuliza.

Mama Vigingi alitoa vigingi viwili na kamba. Alivichomeka karibu karibu, akaivuta kamba kupita juu yake mpaka upande wa pili wa shimo. Akakisogeza kigingi kimoja upana wa kidole. Kule mbali, ncha ya kamba iliruka kutoka mguu wa bibi hadi kwa mtoto.

"Umeona? Kosa la kidole hapa, kule ni kosa la mtu mzima. Jiwe likionekana siku ya kwanza, wapimaji wana vigingi viwili tu, tena vya jirani. Hawajui kamba inaishia wapi. Kwa hiyo husema kweli: huenda likagonga, nafasi moja katika mia. Baadaye wanalipima tena." Akachomeka kigingi cha tatu, mbali na vile viwili. Kamba ikatulia. "Hili limepimwa wiki tatu. Redio imetangaza nafasi yake sasa ni sifuri. Leo litapita mbali kuliko mwezi, mara nane. Aliyewatumia sauti alichukua habari ya siku ya kwanza, akaongeza sumu na saa sita kutoka kichwani mwake."

Bibi aliuliza kuhusu nyota yenye mkia. Alipokuwa msichana aliiona, na wazee wakasema inaleta njaa. Mama Vigingi akasema ile huitwa kometi. Ni donge la barafu na vumbi. Likikaribia jua linapata joto, vumbi na hewa vinatoka, ndio mkia. Halileti njaa.

"Ni kweli," bibi alisema. "Mwaka ule tulivuna mpaka tukakosa pa kuweka. Ila wazee hawakuombwa kurudisha maneno yao."

Lakini mfyatuaji hakuridhika. Alisema wao wana ushahidi. Kipande kipo ndani ya chumba.

Walipanda wote kwenda kukitazama. Bibi hakuivua sufuria. Mfyatuaji aliondoa tofali, kisha ndoo. Mama Vigingi alichutama akalitazama jiwe. Halafu akamwambia alikwangue.

"Mimi?"

"Wewe ndiye fundi."

Alilishika kwa kitambaa. Alilikwangua kwa kucha. Masizi yalitoka. Chini yake palikuwa pekundu. Upande mmoja palikuwa na mfuo mdogo, umepinda kama mundu.

Kalibu yake ya kufyatulia ilikuwa na msumari uliojitokeza kwa ndani. Uliacha mfuo kama ule kwenye kila tofali. Alikuwa ameuona kila siku kwa miaka minane.

Lilikuwa tofali lake. Halikukauka vizuri kabla ya kupangwa. Maji yaliyobaki ndani yaligeuka mvuke, likapasuka, kipande kikaruka nje kupitia mdomo wa tanuri hadi kwenye bati lao. Jambo hilo alilijua kuliko mtu yeyote pale. Aliwahi kuwafundisha wengine. Hofu ilimsahaulisha kazi yake.

"Ungeligeuza tu," mkewe alisema.

Saa sita ilipokaribia, bado hakuna aliyekaa kwa raha. Kujua ni jambo moja, kutulia ni jingine. Walisimama uani. Kinyozi alishika simu, akihesabu dakika. Saa sita ilifika. Jogoo wa jirani aliwika. Saa sita na robo mtoto mdogo akasema ana njaa.

Wakati wakila, Mama Vigingi aliwaambia wasije wakageuka upande wa pili, wakadhani hakuna kinachoanguka. Vumbi na punje za angani huanguka kila siku. Nyingi huungua juu, na ule mstari wa mwanga ndio tunauita kimondo. Mara chache sana huja jiwe kubwa kidogo likapasukia hewani. Mtu akiona mwanga mkali kuliko jua, asikimbilie dirishani. Mwanga hutangulia, kishindo hufuata baadaye, nacho huvunja vioo. Akae mbali na dirisha. Na onyo la kweli halitaletwa na mkwe wa mteja. Litatangazwa na serikali, redioni, na zaidi ya mara moja.

Kisha akawapa maswali matatu. Nani amepima? Alipima lini? Amepima tena?

Kinyozi aliyaandika kwa rangi juu ya kioo chake. Miezi mitano baadaye habari nyingine ilifika kibandani, kwamba kometi inakuja na hewa ya sumu. Mteja aliyeileta aliulizwa maswali yote matatu akiwa na povu kidevuni. Hakuwa na jibu hata moja. Habari ile haikutoka nje ya mlango.

Siku hizo mfyatuaji alikuwa anachoma tanuri la pili, kwa maranda aliyookota kwa maseremala. Aliisikia habari, akatupa gunia jingine motoni. Tanuri liliwaka siku tatu. Matofali yaliiva. Jioni ya mwisho kometi ilionekana magharibi, ndogo, ina mkia mwembamba. Bibi aliitazama mpaka ikazama. Akasema ya zamani ilikuwa kubwa zaidi.

Lakini tanuri la kwanza halikurudi. Walilifungua Ijumaa ile, wakagonga tofali moja moja. Lililoiva lililia kama kengele. Bichi lilitoa mlio wa kigae kilicholowa. Mengine yalikuwa yamepasuka kwa kupoa ghafla. Walianza kuyahesabu wakati mawingu yakiwa mbali, wakamaliza mawingu yakiwa juu yao. Yaliyolia yalikuwa elfu mbili na mia tatu. Walijenga chumba kimoja, wakahama mvua ikinyesha.

Jiwe la angani lilipita bila kugusa hata jani. Hofu yake iligharimu matofali elfu tano na mia saba, yaliyorudi kuwa tope. Mikaratusi mitatu, ya miaka kumi na minne. Siku mbili za shule. Vyumba viwili, vilivyongoja matofali ya tanuri la pili. Na miezi saba ya bibi kulala kitanda kimoja na wajukuu wawili, akiwa amekunja miguu.