Nyoka wa Tatu

Asubuhi hiyo mlio ulitoka chini, kwenye kijia, na ulikuwa unaenda kwa mwendo wa mtu.

Bochaberi alisimama mlimani Manga, antena na redio ya kunasia mlio mkononi, akidhani ni uchovu. Kwa miezi saba alikuwa amewafuatilia nyoka watano wa kijani waishio mitini, kila mmoja akiwa na kifaa kidogo cha mawimbi chini ya ngozi. Aliandika: mti gani, urefu gani, saa ngapi. Mlio huu ulikuwa wa nyoka wa tatu, na huyo hakuwahi kushuka.

Aliufuata mlio migombani, akavuka mashamba ya chai, ukamfikisha kwa Mokua, msaidizi wake, ambaye hakuwa amekuja kazini siku tatu. Nyakerario, mkewe, alikuwa mlangoni, macho mekundu.

"Afadhali umekuja, dada," alinong'ona. "Hali chakula. Hasemi. Alfajiri alitoka, amerudi sasa hivi. Na hiyo harufu unaisikia?"

Ilikuwa harufu ya majani yaliyooza kwenye maji.

Mokua alikuwa kitandani. Bochaberi alimwelekezea antena, mlio ukapanda, ukapanda tena, mpaka redio ikaanza kukwaruza, na chini ya fulana yake kitu chembamba kikajikunja polepole kutoka ubavu hadi ubavu, kikapita kifuani, kikafika kooni, kikatulia hapo kana kwamba kinasikiliza.

"Mokua, ulifanya nini?"

"Nilimuua, madam." Sauti ilitoka kwa taabu. "Alikuwa kwenye mparachichi, mwanangu Gesare anacheza chini yake. Nikaogopa kukwambia. Nikamzika na ile mashine."

Walichimba nyuma ya jiko. Nyoka hakuwemo. Kifaa kilikuwemo, kimepondwa na jembe vipande viwili. Ndani ya nyumba redio bado ililia.

Mzee wa kanisa, Anyona, aliitwa. Aliomba tangu adhuhuri hadi jua likazama, sauti ikamkauka, mpaka Mokua akatapika maji meusi na mlio ukakatika. Nyakerario alilia. Bochaberi aliketi sakafuni, hana hata nguvu ya kushukuru.

Wiki mbili baadaye Nyakerario alimpigia simu.

"Amepona. Anakula, anachuma chai. Ila kulala, analala juu ya mparachichi. Nilikuwa nikimwita ashuke."

"Na sasa?"



"Nimechoka, dada. Jana Gesare naye amepanda."