Mashine Iliyokwama Kwenye D

"Sindano, handakini imebaki hewa ya dakika tisa."

Sauti ya mkuu wa kikosi ikakatika redioni.

Jasusi Sindano alisukuma kabati la chuma, akaziba mlango wa chumba cha mitambo.

Pah! Shoka mlangoni. Wale wa magendo walikuwa wamemfikia.

Chini, ndani ya handaki, walikuwa wamewafungia maofisa kumi na wanne wa forodha. Mmoja ni kaka yake, wa tumbo moja. Feni na malango viliendeshwa na kompyuta moja tu, nayo ilikuwa nyeusi tii.

"Shangazi, imekufa! Nimewasha mara tatu, skrini haisemi kitu!"

Shangazi, aliyekuwa kwenye simu ya sikioni, ndiye fundi aliyeandika kiini cha mfumo ule, kile kinachoamka kabla ya vyote.

"Haijafa, mwanangu. Skrini huchelewa kuamka. Huanza kusemea kwenye waya mdogo wa pembeni. Umeuchomeka?"

Hakuwa ameuchomeka. Woga ulimsahaulisha hata alilofundishwa siku ya kwanza.

Aliuchomoa waya kutoka kwenye soksi, akaunganisha kompyuta yake ya mkononi, akawasha tena. Shangazi alikuwa amekifundisha kiini kutaja herufi moja kila hatua.

A. B. C. D.

Kimya.

"Imekwama kwenye D!"

"Kitendawili!"

"Shangazi, shoka limetokeza huku!"

"Kitendawili, nimesema!"

"Tega basi!"

"Namngoja mgeni mlangoni, na mgeni alitekwa jana."

Sindano akamulika ubao wa kompyuta. Pembeni ya prosesa palikuwa na pengo dogo chini ya maandishi SAA, risasi ya kulehemu bado inang'aa.

"Saa! Wameing'oa saa!"

"Basi kiini kinaingoja ipige, kitangoja hadi kiama. Kiandikie mstari mmoja: kitumie saa ya ndani ya prosesa."

Akakosea. Akafuta. Akakosea tena. Mara ya tatu mstari ukakubali, akawasha upya. Mkono wenye shoka ukapenya ufa, ukapapasa kabati.

A. B. C. D.

E.

Herufi zikamwagika kama mchele. Chini, feni zikanguruma, malango yakafunguka. Mkono ukarudi ghafla. Buti za maofisa kumi na wanne zikapanda ngazi! Shoka likaanguka sakafuni.

Redio ikakoroma.

"Dada? Nani kawasha feni? Kofia yangu imepeperuka."

"Kanunue nyingine," alisema, sauti kavu.

Akakunja waya, akaurudisha kwenye soksi, akasogeza kabati, akawapita wale wa magendo, sasa wamefungwa pingu, bila kuwatazama. Magoti yaligongana, lakini suruali ilikuwa pana.