Jua la Saa Sita Mgongoni

Pa! Pa! Pa-pa! Vishindo vya miguu vilitoka juu ya paa la zege. Jikoni, bakuli za Mzee Duan zikatetemeka.

"Shuzhen!" alipaza sauti. "Huyo ni nyani au tembo?"

"Nyani!" mkewe alijibu kutoka juu, akihema. "Wewe kunywa uji wako!"

Bi Shuzhen alikuwa na miaka sitini na mitatu. Kila alfajiri wanawake wa mtaa wake, pale Bozhou nchini China, walikusanyika uwanjani kucheza Wanyama Watano. Haya ni mazoezi ya kale ya viungo. Unakuwa chui milia, unakuwa kulungu, dubu, nyani, halafu ndege. Watu wa Bozhou huyaonea fahari utadhani wameyabuni jana. Mwaka huu mitaa yote ingeshindana siku ya Mwanzo wa Mapukutiko, siku ambayo kalenda ya wazee inafunga majira ya joto.

Bi Shuzhen ndiye aliyeongoza sehemu ya nyani. Nyani husimama kwa mguu mmoja akichungulia tunda mtini. Lakini goti lake la kushoto lilikuwa zito na baridi tangu wakati wa theluji. Juzi, mbele ya wote, nyani alipepesuka akamwangukia dubu.

"Shoga," alisema Bi Pei, kiongozi wao, "zimebaki siku kumi na nane. Usiposimama vizuri, nafasi nampa Xiuying."

"Xiuying? Yule anayecheza kama amebeba ndoo?"

"Ndiyo. Lakini haangukii watu."

Neno hilo lilimchoma. Adhuhuri hiyo, akiwa na simu mkononi, aliona video ya mwanamke mmoja akisema kwa bashasha: "Siku za Joto Kuu ndizo za kufukuza baridi ya mifupa! Anika mgongo juani saa sita kamili! Jua likizidi, dawa imezidi!"

Bi Shuzhen aliruka kitini. Si hata marehemu mama yake alikuwa akisema maradhi ya wakati wa baridi hutibiwa wakati wa joto? Basi dawa ndiyo hii!

Kesho yake saa sita alitandika mkeka juu ya paa, akalala kifudifudi, kichwa wazi. Hakunywa maji, asije akauzima moto aliokuwa akiuweka mwilini. Vidonge vyake vya presha akaviacha kabatini, ili dawa mbili zisigombane. Alikaa saa nzima. Siku ya pili akakaa saa moja na nusu. Jasho lilimtoka kama maji ya bomba, naye akafurahi: baridi hiyo inatoka!

Siku ya tatu paa lilianza kuzunguka. Akajaribu kuinuka, mikono ikakataa.

"Fulai..." alimwita mumewe. Sauti yake ilitoka nyembamba kama ya kifaranga.

Mzee Duan alifika mbio, kandambili moja mguuni. Alipomwona, alimwita kwa kelele Bi Miao, jirani yao wa ng'ambo ya kichochoro. Bi Miao alisomea dawa za mitishamba chuoni, na duka lake la dawa lilikuwa hapo hapo.

"Mtoe juani kwanza!" Bi Miao aliagiza akipanda ngazi. Wakamshusha hadi kivulini. Bi Miao akamlegeza nguo, akamwekea taulo zenye maji shingoni na makwapani, akampepea.

"Unaitwa nani?"

"Miao, umeanza kunisahau?"

"Hewala, akili ipo. Ungekuwa unaweweseka au umezimia, ningepiga simu ya gari la wagonjwa sasa hivi, na nisingekupa kitu mdomoni." Akamnywesha maji yenye chumvi kidogo, funda moja moja.

Jioni walikwenda kituo cha afya. Presha ilikuwa juu. Daktari akamwamuru arudi kwenye vidonge vyake siku hiyo hiyo.

"Kwa hiyo mama yangu alikuwa mwongo?" Bi Shuzhen aliuliza njiani, machozi yakimlengalenga. "Na nyani ndiyo basi tena?"

"Mama yako alisema kweli. Wewe umesikia nusu," alijibu Bi Miao. "Wazee wetu wanasema tuishi na majira. Hawakusema tupigane nayo! Wakati huu vinyweleo viko wazi na jasho linatoka lenyewe. Katika elimu yetu jasho ni maji ya moyo. Ukilikamua, unaukamua moyo. Na saa sita ni saa ya moyo kupumzika. Hata mbwa wako analala!"

"Mbwa ana akili kuliko mwenye mbwa," Mzee Duan alisema.

"Wewe nyamaza!"

Bi Miao alicheka. "Jua la mgongoni ni la saa mbili asubuhi. Kula kidogo, subiri, kunywa maji ya uvuguvugu. Vaa kofia, kaa kwenye kigoda, geuza mgongo. Anza na dakika kumi, usipite ishirini. Kizunguzungu kikija, ingia ndani. Adhuhuri lala, na mchana kunywa mchuzi wa choroko, usiwe wa barafu. Ila nakwambia ukweli: jua peke yake halitengenezi goti. Goti linataka mazoezi ya polepole, ukishika kiti. Na siku tatu za kwanza hufanyi lolote."

"Siku tatu! Xiuying atanichukulia nafasi!"

"Utataka nafasi au utataka kuwa hai?"

Bi Shuzhen alicheka hadi akakohoa. "Vyote viwili, mwenzangu!"

Akatii. Baada ya siku tatu alikwenda kituoni, presha imeshuka, akaruhusiwa kuanza pole pole. Asubuhi alikaa kigodani na kofia yake pana. Alfajiri alishika kiti, akainua mguu akihesabu: tatu, kisha sita, kisha kumi na mbili. Adhuhuri alilala fofofo. Siku mbili kabla ya mashindano alikiacha kiti. Alihesabu hadi ishirini, na Bi Pei mwenyewe akapiga makofi.

Siku ikafika! Uwanja ulijaa, ngoma zikalia. Chui milia wakanguruma, kulungu wakageuza shingo, dubu wakayumba. Sasa nyani. Bi Shuzhen aliinua mguu wa kulia, na uzito wote ukabaki kwenye goti la kushoto. Akachungulia tunda lisiloonekana. Moja. Tano. Kumi. Goti lilitetemeka, likatulia. Ishirini! Watu wakalipuka kwa vigelegele, na Mzee Duan alikuwa akipiga kelele kuliko wote.

Walishika nafasi ya pili, wakakumbatiana kama wameshinda dunia.

Bi Pei alimvuta pembeni, akijishika kiuno. "Shuzhen, mgongo wangu nao una baridi. Joto bado lipo. Nilitaka nianze kuuanika mchana huu huu, nikitoka hapa..."

"Mchana huu?" Bi Shuzhen alimshika mikono yote miwili, akasema kwa sauti iliyosikika na wote: "Leo tunapita kituoni, upimwe presha. Kesho saa mbili asubuhi niko mlangoni kwako, Pei, na saa nimeishika mkononi. Tutakaa dakika kumi. Ukitaka ya kumi na moja, nitakuingiza ndani kwa nguvu. Nakuahidi!"